Hachagui

Mtondooni, kijiji kilichojificha nyuma ya Shumba, hakuna binti aliyeozwa kwa mtu wa mbali kabla Bi Masika Nyange hajajitanda buibui lake na kwenda kuulizia. Posa ikifika, wazee wa mwari walimpokea mshenga kwa heshima zake zote, wakamtilia tambuu, wakampa maneno matamu yasiyokuwa ndiyo wala siyo, wakamwambia arudi baada ya wiki tatu. Mshenga akishageuza mgongo tu, mtu anatumwa mbio kwa Bi Masika. "Bi Masika, tuna jambo." Naye hakuuliza jambo gani, maana kwake halikuwa likiletwa jambo jingine.

Usidhani kuulizia ni umbea. Wallahi, mbea akipewa kazi ile ataiharibu siku ya kwanza. Bi Masika alikwenda mpaka kijiji alichokulia yule bwana, si pale anapofanyia kazi, kwa sababu kazini kila mtu amevaa vizuri. Akifika hamtafuti jamaa yake, jamaa atasifu. Wala hamtafuti aliyegombana naye, huyo atachafua. Anamtafuta mwanamke anayeteka maji kisima kimoja na mama wa yule bwana. Anakaa naye jikoni, anamsaidia kazi iliyo mkononi, iwe kukuna nazi au kumenya muhogo, na katikati ya kazi anauliza kama hakuuliza. Kisha anarudi na neno moja. Hata maji ya kunywa hapokei kwanza. "Nimeulizia, nimeambiwa hivi: mvivu." Au, "Nimeambiwa hivi: wa mama yake." Au, "Nimeambiwa hivi: mikono mizito." Akishasema anainuka, anakwenda zake, na wazee wafanye watakavyo.

Neno hilo haliongezi, halipunguzi, wala hulirejei kwake kutaka ufafanuzi. Ukijitia ujanja ukamwuliza, "Lakini weye mwenyewe, Bi Masika, ulimwonaje?" alikutazama mpaka ukajuta kufungua kinywa.

Hakuwa hivyo tangu mwanzo. Alipokuwa na miaka ishirini na kitu alikwenda kumwulizia mchumba wa mdogo wake, Mwanapili. Mwanamke wa kisimani akampa neno lake: "Mkimya." Masika alipokuwa akiondoka akamwona yule bwana kwa macho yake, amekaa kizingitini, anamtupia paka vichwa vya samaki, kimoja kimoja, anamsubiri amalize ndipo amtupie chengine. Moyo ukamlainika. Akarudi nyumbani akasema, "Nimeambiwa mkimya, tena mpole." Hilo la mpole hakuambiwa na mtu. Mwanapili akaolewa kwa sababu ya paka. Baada ya miaka minne akarudi na mkono wa kushoto uliovunjwa ukaunga upande, hauwezi hata kukamua tui. Hakumlaumu dada yake. Kama angemtukana, ingekuwa nafuu kubwa. Wakaishi nyumba moja, wawili tu, na kila Mwanapili alipochukua chujio kwa mkono ule mmoja, Masika alitafuta kitu kingine cha kutazama.

Huko kuulizia kulikuwa kazi ya msimu. Kazi yake ya kila siku ilikuwa chungu cha skuli.

Skuli ya Mtondooni aliifungua Mwalimu Hamad Duni baada ya vita vikuu, kwa miti na makuti ya watu wenyewe. Serikali haikutoa hata msumari. Mwalimu Hamad alikuwa mtu mfupi, mwenye kikohozi, na hakuwa na kanuni nyingi. Watoto wote wakae jamvi moja, na wote wale chungu kimoja, basi. Mtoto wa mwenye shamba la mikarafuu, mtoto wa mvuvi, mtoto wa mtu aliyekuja kutoka bara kuchuma karafuu akabaki, wote bega kwa bega chini. Asubuhi kila mmoja alikuja na alichopewa na mama yake: muhogo, ndizi mbichi, kipande cha boga. Asiye na kitu alikuja na ukuni, na ukuni ulipokewa kwa shukrani ileile. Bi Masika alivitia vyote chunguni, akaunga nazi, na adhuhuri hakuna aliyejua anatafuna cha nani.

Jamvi nalo lilikuwa la watu. Kila nyumba ilisuka shupatu lake, ukanda mrefu wa miyaa, na Bi Masika akayaunganisha mashupatu yote kwa mkono wake, Mwanapili akimshikia upande wa pili kwa goti na mkono mzima. Ukilitandaza lilitoka ukuta hadi ukuta. Na kwa vile chungu kilikuwa nyuma ya skuli, na ukuta wa makuti hauzuii sauti, Bi Masika alisomeshwa bila ya kuandikishwa, na herufi za ubaoni alizichungulia kwenye matundu ya makuti. Mwalimu Hamad alipouliza swali na watoto wakanyamaza, mara nyingine jibu lilitoka jikoni. Watoto waliangua vicheko, na Mwalimu akasema, "Mmeona? Hata chungu kinajua."

Mwalimu Hamad alifariki mwishoni mwa mwaka wa sitini, kwa homa ya siku tano. Wakati huo siasa ilikuwa imeshaingia mpaka jikoni. Kulikuwa na chama cha huku na chama cha kule, na mtu wa huku hakununua chumvi kwa mtu wa kule hata kama mchuzi uko motoni. Watu walisusiana harusi, wakasusiana visima, wakafika kususiana maziko, jambo ambalo Mtondooni hata wazee hawakuwahi kulisikia. Lakini maziko ya Mwalimu Hamad walikuja wote. Yalikuwa ya mwisho kuwakutanisha, ila siku ile hakuna aliyejua.

Miongoni mwa waliokuja kuzika alikuwamo kijana mmoja aliyesomesha skuli ya Jadida, pale Wete, jina lake Bakar Kificho. Alisimama nje ya skuli akawatazama watoto wanalia juu ya jamvi. Baada ya miezi michache, sikukuu ya mfungo mosi ilipokwisha, ikaja barua yake. Aliandika kwamba amesikia skuli haina mwalimu mkuu, kwamba anajua mshahara wenyewe ni karafuu na muhogo, na kwamba angependa kuja kula chungu kimoja na watoto hao, kama watu wa Mtondooni wataridhia.

Kamati ilikuwa ya wazee saba. Mwenyekiti wake, Mzee Mmanga Ngwali, alikuwa mtu wa huku, na sauti yake ilisikika shamba la tatu. Msellem mwenye duka alikuwa wa kule, na alipenda kumaliza kila sentensi kwa "mimi nasema kweli tu," hata alipodanganya. Wawili hawa walikuwa hawajasalimiana tangu uchaguzi wa Januari. Kilichowakalisha pamoja kilikuwa skuli, na skuli ilikuwa imeshakaa miezi minne bila ya mkuu. Mwalimu msaidizi alikuwa ameondoka. Watoto walikuwa wanakuja kula tu, na wengine walikuwa wameanza kutokuja kabisa.

"Cheti anacho," alisema Mzee Mmanga, ameishika ile barua mbali na macho yake. "Lakini cheti hakituambii ntu yukoje. Mwalimu mkuu ni mume wa skuli. Huyu ametuposa. Na sisi posa tunajua namna ya kuijibu."

Wakacheka wote saba, mara ya kwanza kwa muda mrefu. Bi Masika akaitwa.

Alikwenda nyumbani akatoa buibui kwenye sanduku, akalikung'uta, akalikunja, akalikung'uta tena. Mwanapili akamwuliza kulikoni, mbona wachumba wengi ameshawaulizia bila ya kusitasita. "Hao walikuwa wa watoto wa watu," alijibu. "Huyu ni wangu." Maana hata mtoto wa kumzaa hakuwa naye. Alichokuwa nacho ni watoto arubaini juu ya jamvi aliloshona mwenyewe, na akirudi na neno baya, skuli imekwisha, na akirudi na neno jema ambalo si kweli, imekwisha vilevile. Alijua hivyo vizuri sana.

Bakar alikulia Mkoani, kwa hiyo Mkoani ndiko kwa kwenda, kutoka ncha ya kisiwa hadi ncha nyingine, tena katika mvua za masika. Gari ya kwanza ilimwacha kwa sababu utingo alitaka kujua yeye wa upande gani. "Upande wa Mkoani," alimjibu, na utingo akapiga bodi, gari ikaondoka. Ya pili ilimchukua, ikakwama topeni mara mbili, na alifika kwa rafiki wa rafiki yake alasiri, viatu mkononi.

Siku ya pili yake alimpata mwanamke wa kisimani. Aliitwa Bi Mwatum, mjane mnene mwenye macho makali, nyumba ya pili kutoka kwa mama yake Bakar. Alikuwa barazani na ungo wa mchele mapajani. Bi Masika akasalimia, akajieleza kwamba yumo safarini, akakaribishwa, akaketi, na bila ya kuambiwa akavuta ungo upande wake. Wakachagua mchele pamoja. Walizungumza mvua, wakazungumza bei ya sukari, wakazungumza watu wanavyosusiana siku hizi, na Bi Mwatum akasema siasa hiyo kwake isipite hata uani.

"Na huyu kijana wa nyumba ya pili," akasema Bi Masika, vidole vikiendelea na mchele, "huyu anayesomesha Jadida, yukoje?"

Bi Mwatum alikuwa na chuya mbili kwenye ncha ya kidole. Akazitupa nje, akaangalia ungo uliojaa, mchele upande mmoja, chuya na vijiwe upande mwingine. Akatikisa kichwa taratibu.

"Bakar?" alisema. "Bakar hachagui."

Akarudi kwenye mchele wake. Bi Masika naye akainamisha uso ili furaha yake isionekane. Miaka thelathini ya kuulizia, na neno zuri kama lile hajapata kulipokea. Lilikuwa kama vile Mwalimu Hamad mwenyewe ndiye aliyeuliziwa.

Ilikuwa Ijumaa, na Bakar alikuwa amekuja kwao kumtazama mama yake. Alipotoka pale alipita njia ya kisimani, akamwona. Alimjua kwa sura, kutoka siku ya maziko. Penye kisima alikuwapo mchukuzi mmoja wa bandarini, mguu una kidonda, na wanawake wa pale walikuwa wamemzuia asiteke kwa sababu ni mtu wa upande mwingine. Bakar akachukua ndoo, akamtekea, akampa kata ya kunywea. Mchukuzi akanywa. Kisha Bakar akaipokea kata ileile, haikusuuzwa, akateka naye akanywa. Hakumtazama mtu.

Bi Masika alisimama nyuma ya mgomba mpaka wakaondoka. Lau angekuwa mtu mwingine angelirudi Mtondooni anakimbia na hadithi ile mdomoni. Yeye alimkumbuka paka. Macho yake yalikwishamwonesha jambo zuri siku moja, na bei yake aliilipa mtu mwingine. Akaamua palepale: atapeleka alichoambiwa, alichokiona atabaki nacho.

Kamati ilikutana ndani ya skuli, wazee saba juu ya jamvi, huku wa huku na kule wa kule, katikati nafasi ya mtu mzima kulala. Bi Masika akasimama mlangoni.

"Nimeulizia," alisema. "Nimeambiwa hivi: hachagui."

Akageuka, akaenda zake, kama ada. Njiani alikuwa anatabasamu peke yake. Alipofika nyumbani alimwambia Mwanapili aloweke maharage mengi, skuli itafunguliwa.

Yaliyotokea nyuma yake aliyasikia siku sita baadaye, tena dukani, alipokwenda kununua kiberiti.

"Yule mwalimu wenu tumeshamwandikia barua," alisema Msellem. "Tumemwambia riziki yake haiko hapa. Mimi nasema kweli tu, Bi Masika, umetuokoa. Ntu gani huyo hachagui?"

"Umesema?"

"Si ndivyo ulivyosema weye? Hachagui! Uchaguzi wa Januari watu wamepanga foleni tangu alfajiri, vizee wamebebwa, wanawake kwa mara ya kwanza wamekwenda, na yeye, ntu kasoma, hachagui! Na mwezi wa sita tunachagua tena. Sisi tukasema, huyu kama hakuandikishwa basi si ntu wa visiwa hivi. Na kina Mmanga wakasema ati ni mtu wa chama chetu sisi, anajificha tu. Wao hawamtaki, na sie hatumtaki. Lahaula, tangu mwaka jana hatujakubaliana jambo na Mmanga, tumekubaliana hilo."

Kiberiti kilimponyoka. Hakukiokota. Alitoka dukani. Neno lile aliliona sasa jinsi lilivyokuwa: Mkoani lilikuwa na ungo chini yake, na chuya, na kidole cha Bi Mwatum. Yeye alilinyakua peke yake akalileta katika kijiji ambacho mwaka mzima kuchagua kulikuwa na maana moja tu.

Alikwenda moja kwa moja kwa Mzee Mmanga. Hawa walikua pamoja. Baba yake Bi Masika, mzee Nyange, alikuja na wachuma karafuu kutoka bara, akapewa kiunga cha kulima na baba yake Mmanga, akaoa hapohapo, akazikwa hapohapo. Bi Masika na Mmanga waliiba maembe pamoja, wakachapwa pamoja.

"Mmekosea," alisema, hata salamu hakutoa. "Hachagui watu! Si kura, Mmanga. Watu! Ntu huyu hamchagui ntu, anakula na yeyote, anakunywa na yeyote. Nimemwona kwa macho yangu anakunywa kata moja na mchukuzi wa bandarini."

Mzee Mmanga aliweka chini kikombe chake.

"Hilo la watu ulilisema siku ile?"

"Sikulisema."

"Uliambiwa?"

Bi Masika kusema uongo hakuwezi. "Hapana. Niliambiwa hachagui. Lakini ndivyo ilivyokusudiwa."

"Basi umeliongeza." Mzee Mmanga alisema bila ya ukali, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Miaka thelathini, Bi Masika. Nimewaoza mabinti zangu watatu kwa maneno yako. Siku zote hujaongeza hata herufi, leo unakuja unahema na neno jipya na hadithi ya kata. Nani kakutuma?"

"Hajanituma ntu! Watoto wale wananituma!"

"Watu watasema vyengine." Akatazama ukutani. "Watasema kabila ya baba yako wana chama chao. Watasema huyo mwalimu ni wa chama hicho, na weye umekwenda Mkoani ukakutana na wenzenu."

"Wenzetu?" Bi Masika alisogea karibu. "Mmanga, mie nimevyaliwa nyuma ya nyumba hii. Mama yako ndiye aliyenikata kitovu. Watu watasema, au weye unasema?"

Mzee Mmanga akachukua tena kikombe chake. Angekana hata kwa uongo, Bi Masika angelimpokea. Alingoja, alingoja sana, kisha akashuka barazani na kurudi kwake katikati ya jua, akilia waziwazi kama mtoto, na waliokutana naye njiani walimpisha bila ya kumwuliza.

Skuli haikupata tena mwalimu. Watu wa huku walimleta mwalimu wao, akasomesha katika banda la karafuu la Mzee Mmanga. Watu wa kule walimleta wao, akasomesha nyuma ya duka la Msellem. Kabla ya uchaguzi wa Juni wakaja kugawana vitu. Ubao walipigiana kelele, mwisho ukachukuliwa na wenye sauti. Meza ikaenda kwa wengine. Likabaki jamvi.

"Bi Masika ndiye anayejua mshono," mtu mmoja akasema. "Afumue katikati, kila mtu achukue nusu yake."

Wakamletea nyumbani, wanaume wanne wamelibeba begani. Bi Masika alilitazama. Angeweza kukataa, lakini wangelikata kwa kisu, na lingechanika vibaya, na mashupatu ya nyumba za watu yangefumuka yote. Akaketi chini. Mwanapili akaketi upande wa pili, akakaza kwa goti na mkono wake mmoja, kama siku ile ya kushona. Wakafumua. Uzi ulikuwa mkavu, ulikatika kila baada ya shibiri, na ilibidi kutafuta ncha upya. Walipomaliza, wale wa huku wakakunja lao, wale wa kule wakakunja lao, na wakatoka kwa njia mbili.

Mmoja wao alirudi mlangoni, labda kwa huruma, akamwuliza sasa atapika wapi, kwa kina nani. Bi Masika hakuinua kichwa.

"Mie sichagui," alisema.

Yule bwana akaguna, akaondoka, na hapana shaka alilichukua jibu lile jinsi alivyotaka. Chungu kiligeuzwa juu chini nyuma ya nyumba, kuku wakawa wanataga chini yake. Na tangu mwezi ule Bi Masika hakutoka tena kuulizia. Walikuja mara mbili tatu kumwomba, akawaambia buibui limeliwa na mende.

Mwishoni mwa mwezi wa saba Msellem alimwita dukani. Alikuwa na barua iliyokaa kwake siku nyingi, hajui ampe nani. Juu yake iliandikwa Skuli ya Mtondooni, na skuli ya jina hilo haikuwapo tena. "Chukua weye," alisema. Hata ile "mimi nasema kweli tu" hakusema.

Ilitoka Jadida. Bi Masika aliisoma barazani, kidole chini ya mstari, sauti ya chini, na Mwanapili anasikiliza. Mwalimu Bakar aliandika kwamba amepokea majibu ya kamati na hana kinyongo. Alisema anajua walimwulizia, kwa kuwa mambo hayo huwa hayafichiki, na kama waliambiwa ubaya wake basi waliambiwa na watu wanaomjua. "Ninachoomba," aliandika, "ni mnitajie kosa langu, nipate kujirekebisha kabla sijafa nalo."

Bi Masika aliikunja, akaikunjua. Kisha akaingia ndani, akatoka na kipande cha penseli kilichobaki skuli na karatasi ya kufungia sukari. Barua hajapata kuandika maishani mwake. Alikaa nayo tangu baada ya sala ya adhuhuri mpaka alasiri, akiandika herufi kubwakubwa za watoto.

"Umemwandikia nini?" Mwanapili akauliza.

Akamsomea. "Mwalimu Bakar, assalaam aleikum. Kosa huna. Mie ndiye niliyekuulizia. Niliambiwa kwamba huchagui, nami nikafikisha hivyo. Lilikuwa limebaki neno moja tu la kuongeza, neno watu, na mie siongezi. Nisamehe. Bi Masika, wa chunguni."

Mwanapili alikuwa akiusugua mkono wake mbovu kwa ule mzima, kama alivyozoea mvua ikikaribia.

"Huongezi kwa sababu yangu," alisema. "Kwa sababu ya yule paka."

Bi Masika alishtuka. Hakupata kumsimulia mtu habari ya paka.

"Ulikuwa ukiota usingizini, ukisema," alisema Mwanapili. "Mie nalijua siku nyingi. Mwaka ule ule niliorudi nilishakusamehe, dada. Nikadhani unajua."

Bi Masika alibaki na barua mapajani. Alikuwa ameuliza katika kila nyumba ya kisiwa hiki, kutoka Shumba hadi Mkoani, kuhusu watu asiowajua, na huyu aliyelala naye chumba kimoja miaka yote hakumwuliza hata siku moja.